Mitandao Iliyogatuliwa na Vikundi vya Wapenzi wa Salamu, Soka na Ndege katika Mpaka wa Busia na Tororo

Mtandao wa kijamii huitwa uliogatuliwa pale ambapo hakuna kampuni moja inayoshika seva zote. Mastodon, ulioanzishwa na Eugen Rochko huko Ujerumani mwaka 2016, huendeshwa kwa maelfu ya seva, kila moja ikiwa na mwenyewe, kanuni zake na gharama zake. Kinachoziunganisha ni itifaki ya ActivityPub, ambayo shirika la viwango vya wavuti, W3C, liliipitisha rasmi Januari 2018. Itifaki hiyohiyo hutumiwa na Pixelfed kwa picha, PeerTube kwa video na Lemmy kwa mijadala. Bluesky, uliozaliwa ndani ya Twitter mwaka 2019 na kufunguliwa kwa watu wote Februari 2024, una itifaki yake. Ahadi ya mifumo yote hii ni moja: asiyeridhika na seva yake ahamie nyingine bila kupoteza wafuasi, na asipatikane tajiri au waziri awezaye kuufunga uwanja wote kwa agizo moja.

Kwa ahadi hiyo, Busia na Tororo zingetarajiwa kuwa mstari wa mbele kuipokea. Mpaka wa Kenya na Uganda unapita katikati ya Busia, ukiacha miji miwili yenye jina moja. Tororo iko upande wa Uganda, nayo hufikiana na Kenya kupitia Malaba. Mwaka 1902 Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulipohamishiwa himaya ya Afrika Mashariki ya Uingereza, yaani Kenya ya leo, Wateso na Wasamia waligawanywa pande mbili, na hadi leo koo zao ziko huku na kule. Watu hao wameonja kwa uchungu maana ya mtandao kuwa mikononi mwa wachache. Tarehe 1 Julai 2018 Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila atumiaye WhatsApp, Facebook, Twitter na mitandao ya aina hiyo. Kodi hiyo ilidumu hadi 2021, ikabadilishwa kwa ushuru wa asilimia 12 juu ya data. Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, Facebook ilifunga akaunti ilizodai zilihusishwa na Wizara ya TEHAMA ya Uganda. Serikali ikajibu kwa kuizuia Facebook nchini kote, na zuio hilo liliendelea miaka mingi baada ya kura kuhesabiwa. Mwanakikundi aliyekuwa Busia ya Kenya aliendelea kufungua ukurasa wake kama kawaida. Mwenzake wa ng'ambo ya pili, umbali wa kutembea kwa miguu, alihitaji VPN.

Hata hivyo vikundi vya wapenzi wa salamu, soka na ndege wa eneo hili havikuhamia Mastodon wala Bluesky. Maelezo yanayotolewa upesi ni kwamba watu hawajui, au kwamba teknolojia ni ngumu. Maelezo hayo hayawatendei haki. Watu waliojifunza VPN ndani ya wiki chache za kodi ya 2018, wanaobeba laini mbili au tatu za simu na kukokotoa shilingi za nchi mbili kichwani, hawashindwi na fomu ya kujisajili. Kusita kwao kunatokana na hesabu, na hesabu hiyo inastahili kusomwa kwa makini kuliko inavyosomwa na wahubiri wa ugatuzi wa mitandao.

Kwanza ni vyema kuvijua vikundi vyenyewe. Kikongwe kuliko vyote ni cha wapenzi wa salamu. Tangu enzi za Sauti ya Kenya, kabla haijawa KBC mwaka 1989, vipindi vya salamu vya redio vimezaa jamii ya wasikilizaji ambao burudani yao ni kutuma salamu na kusikia majina yao yakisomwa hewani. Mtu alinunua kadi, akaandika orodha ya rafiki zake pamoja na vijiji na lakabu zao, akaipeleka kwa posta. Mtangazaji aliposoma lakabu hiyo, watu wa wilaya tatu waliitambua. Kutokana na kadi kulizaliwa vilabu vyenye wenyeviti na waweka hazina, wanaotembeleana, wanaochangia harusi na kuzikana. Mawimbi ya redio hayakujua mpaka, kwa hiyo aliyesikiliza Tororo aliweza kumsalimu wa Busia bila pasipoti. Baada ya Uganda na Kenya kuruhusu redio za binafsi katika miaka ya 1990, vituo vya eneo hili viliongeza vipindi vya salamu kwa lugha za wenyeji. Kadi zikageuka ujumbe mfupi wa simu, na ujumbe mfupi ukageuka kundi la WhatsApp.

Kikundi cha pili ni mashabiki wa soka, ambao huunganishwa na timu za Uingereza pamoja na Gor Mahia, AFC Leopards na klabu za Uganda, wakikutana katika vibanda vya video na kuendeleza ubishi simuni. Mashindano ya CHAN ya Agosti 2025, yaliyoandaliwa kwa pamoja na Kenya, Uganda na Tanzania, yaliwapa sababu mpya ya kupangana kuvuka mpaka. Cha tatu ni kidogo sana kwa idadi ila kina maana kubwa kwa hoja hii: watazamaji wa ndege. Nyanda za nyasi za Busia zimeorodheshwa kuwa eneo muhimu la ndege kutokana na mbayuwayu wa buluu, ndege aliye hatarini ambaye huzaliana nyanda za juu za kusini na kuja huku msimu wake wa kuzaliana ukiisha. Kinamasi cha Sio Port nacho kimo katika orodha hiyo. Waongoza watalii, walimu na wanafunzi wanaofuatilia ndege hawa huonyeshana picha na kuulizana majina, mara nyingi katika makundi ya Facebook na WhatsApp.

Jambo ambalo vikundi hivi vitatu vinashiriki ni kwamba thamani yao yote imo katika kuwapo kwa wenzao. Mtuma salamu hana kazi na jukwaa lisilo na wa kusalimiwa. Majukwaa yaliyogatuliwa yanamhesabu mtumiaji mmoja mmoja: akaunti yako, wafuasi wako, haki yako ya kuhama. Lakini hapa mtu mmoja hahami. Kinachohama ni kundi zima, na kundi zima huhama pale tu kila mmoja anapoamini kwamba wengine wote watahama siku hiyohiyo. Ndiyo maana hata mahali palipo na intaneti nafuu na hasira kubwa mambo hayakuwa tofauti. Elon Musk alipoinunua Twitter Oktoba 2022, watumiaji hai wa Mastodon kwa mwezi walipanda hadi zaidi ya milioni 2 kabla ya mwaka kuisha, kisha wengi wakarudi walikotoka. Juni 2023 maelfu ya mabaraza ya Reddit, mengi yakiwa ya wapenzi wa jambo fulani, yalijifunga kupinga bei mpya za kampuni hiyo kwa watengenezaji wa programu. Lemmy ilipata wageni, lakini mabaraza mengi yalifunguliwa tena palepale. Ikiwa wapenzi wa michezo ya kompyuta wa Marekani walishindwa kujikusanya upya, haifai kushangaa kwamba klabu ya salamu ya Tororo haijajaribu.

Kuna jambo la pili ambalo halionekani kutoka Berlin wala San Francisco, nalo pengine ndilo zito kuliko yote. Klabu ya wapenzi katika mpaka huu ni pia chama cha kusaidiana. Mwanachama akifiwa, taarifa huwekwa kundini asubuhi, na kufikia jioni orodha ya michango imekwisha kuzunguka, kila mtu akiongeza jina lake na kiasi alichotoa. Pesa hupita M-Pesa upande wa Kenya na MTN au Airtel upande wa Uganda, na kwa miaka kadhaa sasa huvuka pia kutoka mfumo wa nchi moja hadi wa nyingine. Uzi unaofunga mambo haya yote ni nambari ya simu. Nambari hiyohiyo ndiyo anwani ya WhatsApp, ndiyo akaunti ya pesa, ndiyo imesajiliwa kwa kitambulisho, na ndiyo mweka hazina anayo katika daftari lake. Akiona mchango umeingia, anajua umetoka kwa nani.

Mastodon hauna nambari ya simu. Unadai barua pepe, kitu ambacho wengi hapa walifunguliwa na muuza simu siku ya kununua simu na hawajakiangalia tena. Humpa mtu anwani yenye sehemu mbili, jina lake na jina la seva, na yeyote aweza kujisajili kwa lakabu ya mwingine katika seva tofauti. Kwa mwanahabari anayeogopa kufuatiliwa, kutenganisha akaunti na nambari ya simu ni ulinzi, na ni ulinzi wa kweli. Kwa klabu inayokusanya fedha za mazishi kutoka nchi mbili, utengano huo huo hufungua mlango wa matapeli. Waliobuni mifumo hii walifikiria hatari moja kwa umakini mkubwa na hawakuifikiria ile ambayo mweka hazina hulala nayo kila siku.

Suala la siri linakwenda upande huohuo. Tangu 2016 ujumbe wa WhatsApp husimbwa kutoka simu hadi simu, kiasi kwamba kampuni yenyewe haiwezi kusoma yaliyomo. Ujumbe wa faragha wa Mastodon hausimbwi hivyo, na msimamizi wa seva akitaka anaweza kuusoma. Mastodon pia ulijengwa kuwa mahali pa kutangaza hadharani, maandishi mafupi ya kawaida yasiyozidi herufi 500, yanayosomwa na yeyote. Vikundi vinavyozungumziwa hapa ni baraza la ndani. Ugonjwa wa mwanachama, deni lake, ugomvi wa mwenyekiti na katibu ni mambo ya wanakikundi. Tena mengi hayaandikwi. Hutamkwa katika ujumbe wa sauti, kwa Kiteso, Kijopadhola, Kisamia au Kiswahili cha mpakani, kwa sababu mzee aliyezoea redio huitambua sauti ya mwenzake kabla ya jina. Jukwaa lililowekea uzito maandishi humwondolea mzee huyo kile alichokuwa nacho.

Bei ya data ni sababu inayotajwa sana, na kweli ipo, ila haihitaji maelezo marefu. Kampuni za simu huuza vifurushi vya WhatsApp pekee kwa bei ndogo kuliko data ya kawaida. Mwenye kifurushi hicho hawezi kufungua seva ya Mastodon hata akitaka. Kwa bodaboda anayenunua kifurushi cha siku baada ya abiria wa kwanza, jukwaa lisilo ndani ya kifurushi ni sawa na lisilokuwapo.

Linalofaa kutazamwa kwa undani zaidi ni nani atakuwa mwenye seva. Ugatuzi hauondoi mamlaka. Huyagawa na kuyakabidhi kwa wasimamizi wengi wadogo. Kundi la wapenzi likiamua kuwa huru kabisa, mmoja wao lazima akodi seva, ailipie kila mwezi kwa dola, asasishe programu, apambane na matangazo ya utapeli na ajibu malalamiko usiku wa manane. Ulimwenguni kote kazi hiyo imewachosha watu wema. Seva ya mastodon.lol ilitangaza Februari 2023 kwamba itafungwa kwa sababu mwenyewe alichoka na ugomvi. Botsin.space, iliyopendwa na waundaji wa akaunti za kujiendesha, ilifungwa mwishoni mwa 2024. Seva ya queer.af ilipoteza anwani yake Februari 2024 baada ya mamlaka za Afghanistan, wamiliki wa kikoa cha .af, kuisimamisha. Mtumiaji aliyepewa taarifa mapema anaweza kuhamisha wafuasi wake kwenye Mastodon, lakini machapisho yake ya zamani hayaendi naye. Kwa klabu ambayo fahari yake ni kumbukumbu ya miaka, hasara hiyo haifidiki.

Sheria nazo humwangukia mwenye seva. Julai 2017, kuelekea uchaguzi mkuu wa Kenya, Mamlaka ya Mawasiliano pamoja na Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa zilitoa mwongozo uliowabebesha wasimamizi wa makundi ya mitandaoni wajibu wa kudhibiti yanayosemwa humo. Machi 2018 Tume ya Mawasiliano ya Uganda iliagiza wachapishaji wa mtandaoni wajisajili. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya Uganda, ya 2011, iliongezwa makali mwaka 2022, ingawa Mahakama ya Katiba ilifuta kifungu chake cha 25 Januari 2023. Admini wa kundi la WhatsApp ana woga wake, lakini anaweza kusema kwa haki kwamba mtambo si wake. Mwenye seva hana kauli hiyo. Na kwa kikundi kilicho na wanachama nchi mbili swali huwa gumu zaidi: seva isajiliwe wapi, chini ya sheria ya nani, kwa jina la nani? Watu wa mpakani wamefaulu kuishi pamoja kwa kutolazimisha swali la upande. Kuchagua seva hulilazimisha.

Wangeweza basi kujiunga na seva iliyopo ya wageni. Wengi ulimwenguni hufanya hivyo, na ndiyo sababu mastodon.social imekuwa kubwa kupita nyingine zote. Lakini hapo kundi limetoka kwa mwenye nyumba mmoja wa mbali na kwenda kwa mwingine wa mbali, asiyejua Kiteso wala utani wa soka wa Kisamia. Isitoshe, seva hufungiana milango zinapogombana. Gab ilipohamia programu ya Mastodon mwaka 2019, seva nyingi ziliizuia kwa sababu ya chuki iliyosheheni humo, na zilikuwa na haki. Mfumo huohuo humaanisha kwamba kikundi cha Busia kinaweza kuamka na kukuta hakiwaoni wenzake kwa ugomvi ambao hakikuhusika nao.

Hoja ya nguvu zaidi ya watetezi wa ugatuzi ni uzimaji. Ni kweli kwamba zuio la Facebook la 2021 lisingeweza kurudiwa kirahisi dhidi ya maelfu ya seva. Hatari hiyo pia haiko Uganda pekee: Novemba 2023, na tena Novemba 2024, Telegram ilikwama nchini Kenya wakati wa mitihani ya kitaifa ya sekondari, KCSE. Lakini katika usiku wa tarehe 13 Januari 2021 Uganda haikuzima programu moja. Ilizima intaneti yenyewe, ikairudisha siku tano baadaye. Mastodon na WhatsApp zote mbili zilinyamaza pamoja. Umiliki wa seva uligatuliwa. Nyaya na leseni za kampuni za simu hazikugatuliwa. Kilichosaidia mpakani ni jiografia: mawimbi ya Safaricom hayakomi kwenye lango la forodha, na mwenye laini ya Kenya aliye karibu na mpaka aliweza kuunganika kupitia minara ya upande wa pili.

Hapo ndipo mkakati halisi wa watu hawa unapoonekana. Dhidi ya hatari ya kutegemea jukwaa moja, hawahami, hujiwekea akiba. Laini mbili, kundi la WhatsApp na la Telegram lenye watu walewale, VPN iliyokwisha kupakuliwa, nambari zilizoandikwa kwenye daftari, na redio ambayo bado husoma salamu. Facebook, Instagram na WhatsApp zilipoanguka kwa takriban saa sita tarehe 4 Oktoba 2021, nambari za daftarini zilikuwa bado zinapigika. Akiba ya namna hii ina kasoro zake, na inategemea kampuni zilezile. Ila ni nafuu, haimwachi mtu nyuma, na haihitaji wote wakubaliane siku moja.

Ikumbukwe pia kwamba wakazi wa Busia na Tororo hawaukatai ugatuzi wenyewe. Simu ya kawaida ni mfumo uliogatuliwa: mteja wa MTN Uganda humpigia wa Safaricom bila yeyote kubadili kampuni. Mpango wa Eneo Moja la Mtandao, ulioanza mwishoni mwa 2014 kati ya Kenya, Uganda na Rwanda, ulipunguza gharama za kupiga simu mtu anapokuwa nchi jirani, na mpakani ulipokewa bila semina wala kampeni. Kuvuka kwa pesa za simu kulipokewa vivyo hivyo. Katika kila kisa mifumo ililazimika kuzungumziana chini kwa chini, na mtu akabaki na nambari yake na rafiki zake.

Kwa sababu hiyo njia yenye matumaini zaidi iko mikononi mwa wadhibiti kuliko wapenzi wenyewe. Sheria ya Masoko ya Kidijitali ya Umoja wa Ulaya, ambayo wajibu wake ulianza kuzibana kampuni kubwa Machi 2024, inaitaka WhatsApp ikubali ujumbe kutoka programu nyingine zinazoomba kuunganishwa. Manufaa hayo ni ya wakazi wa Ulaya tu. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo nchi zake zilikubaliana juu ya bei za simu, haijaweka sharti kama hilo, ingawa ina soko kubwa la watu na uzoefu wa Eneo Moja la Mtandao wa kuanzia. Sharti hilo likiwepo, klabu ya salamu inaweza kuwa na mwanachama katika programu huru na mwingine katika WhatsApp, na mweka hazina asipoteze nambari hata moja.

Watazamaji wa ndege wako katika hali tofauti kidogo. Kwao kinachothaminiwa kudumu ni kumbukumbu: ndege gani, wapi, siku gani. Kumbukumbu hizo tayari haziko Facebook peke yake. Huwekwa katika eBird, iliyoanzishwa na Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 2002, au katika Kenya Bird Map, ambako mtu anaweza kuzipata hata kundi lake la mazungumzo likifungwa. Facebook ilipozuiwa Uganda, mtazamaji wa Tororo alikosa maoni na picha za wenzake, lakini orodha zake za ndege hazikupotea. Kikundi hiki kidogo kingeweza kujaribu Pixelfed kwa picha zake bila hasara kubwa, kwa kuwa hakikusanyi michango humo na kinataka kuonekana na wageni. Mpenzi wa salamu na shabiki wa soka hawana hifadhi ya namna hiyo. Sauti na orodha zao zimo ndani ya simu zao na katika seva za kampuni moja, na hatua iliyo ndani ya uwezo wao leo ni ndogo: katibu kupakua mazungumzo ya kundi kila baada ya muda na kuyahifadhi pande zote mbili za mpaka.